Kucheza Simon na familia bila kuzomewa mapema

Simon ni mashine ya mchezo wa kumbukumbu yenye vitufe vinne vya rangi, na sheria yake ni fupi kuliko mchezo wenyewe. Mashine inawasha rangi na kutoa mlio, wewe unabonyeza rangi hiyo hiyo. Ukipatia, inarudia mfuatano kuanzia mwanzo na kuongeza rangi moja mwishoni. Ukikosea, au ukikaa zaidi ya sekunde 5 bila kubonyeza, inakuzomea. Ilibuniwa na Ralph Baer pamoja na Howard Morrison, na kampuni ya Milton Bradley ikaitoa mwaka 1978. Maelekezo haya yanafuata mashine hiyo ya mwanzo. Matoleo ya baadaye yamebadilisha baadhi ya vitufe na aina ya betri, ila mbinu za kucheza ni zile zile.

Anza na betri. Mashine ya zamani inataka betri mbili kubwa nene za volti 1.5 na moja ya mraba ya volti 9. Zile kubwa ndizo za taa, ya mraba ndiyo inayoendesha mitambo ya ndani. Kwa hiyo taa zikififia huku milio ikiendelea vizuri, badilisha kubwa kwanza. Ukikuta unga mweupe kwenye vyuma vya kushikia betri, usugue kwa pamba yenye siki kidogo, futa, kisha acha pakauke kabisa kabla ya kurudisha betri.

Weka mashine juu ya meza isiyoyumba, na chini yake tandika kitambaa kisichoteleza, maana ikisogea kila inapobonyezwa, vidole vitakosa shabaha. Kijani iwe juu kushoto, nyekundu juu kulia, njano chini kushoto, buluu chini kulia. Ukicheza peke yako usiigeuzegeuze kati ya raundi: mkono unakumbuka mahali kabla akili haijakumbuka jina la rangi. Hata asiyetofautisha rangi vizuri anaweza kucheza kwa kufuata mahali na mlio.

Kuna swichi mbili za kupanga. Moja inachagua mchezo, wa 1 hadi wa 3. Nyingine inachagua kiwango: cha kwanza kinaisha ukirudia rangi 8, cha pili 14, cha tatu 20, cha nne 31. Familia ianze na kiwango cha kwanza, hata kama kuna mjuaji mezani.

Mchezo wa 1 ni wa mtu mmoja na mashine, wengine wanabaki watazamaji. Katika mchezo wa 2 mashine inatoa rangi ya kwanza tu. Wa kwanza anairudia na kuongeza yake, anayefuata anarudia zote mbili na kuongeza ya tatu, na kuendelea hivyo. Mashine haiwakumbushi chochote, kwa hiyo asiyetazama zamu za wenzake amekwisha.

Mchezo wa 3 ndio wa kuleta mezani watu wakiwa wengi. Kila mmoja anachukua rangi yake na kubonyeza hiyo tu, ikifika zamu yake. Mkiwa wawili, mmoja achukue kijani na njano, mwingine nyekundu na buluu, ili mikono isigongane. Mkiwa watatu, mzoefu ndiye ashike rangi mbili. Anayekosea anatoka pamoja na rangi yake, mpaka abaki mmoja. Kinachowaangusha wengi hapa ni kusubiriana: kila mtu anadhani zamu ni ya mwingine, na sekunde 5 zinakwisha. Dawa yake ni kutaja rangi kwa sauti, wote kwa pamoja, huku mkibonyeza.

Sasa kumbukumbu. Usishike rangi mojamoja, zifunge tatutatu. Mfuatano wa kijani, kijani, njano, buluu, nyekundu, njano, buluu unatamkwa hivi: ki-ki-jano, bu-ndu-jano, bu. Raundi ijayo makundi mawili ya mwanzo hayabadiliki, unaongeza mkiani tu. Uimbe kwa kufuata milio yenyewe. Baer alichagua noti za tarumbeta ya kijeshi kwa sababu zinapendeza kwa mpangilio wowote, na ndiyo maana mfuatano unashika sikioni kama kipande cha wimbo. Kuzima sauti ili kupunguza kelele ni kujinyima nusu ya msaada.

Rangi moja ikija mara mbili mfululizo, taa inazimika kidogo mno katikati. Jicho linaweza kuona moja, kwa hiyo hesabu milio. Ukivuka rangi ya 5 milio inakuwa mifupi, na ukivuka ya 13 inafupishwa tena. Wengi hapo huanza kubonyeza kwa kasi ya mashine, au kabla haijamaliza kuonyesha. Hakuna anayekudai kasi hiyo. Sekunde 5 ni kwa kila rangi, si kwa mfuatano mzima, basi subiri mlio wa mwisho, vuta pumzi, bonyeza katikati ya kitufe hadi kilie, achia, nenda kwa kinachofuata. Kugusa ukingoni ndiko kunakoleta ile kesi ya "nilibonyeza ikakataa".

Ubishi ukizuka, kitufe kilichoandikwa LAST kinarudia mfuatano uliopita, na kila mtu ataona rangi iliyokosewa. LONGEST kinacheza mfuatano mrefu kuliko yote tangu mashine iwashwe. Ukizima, rekodi inafutika, basi mwenye kushika rekodi ahakikishe imeandikwa kabla mtu hajagusa swichi.