Ili jarida letu la tiba lisomwe pia na nje

Mimi ni katibu wa uhariri wa jarida la tiba hapa Lubumbashi: napokea makala, nazitafutia wahakiki (wataalamu wa kuzisoma na kuzipima kabla hazijachapwa), nawakumbusha wanaochelewa. Haya nayaandika kwa wenzangu wa Bukavu, Kisangani na kwingine wanaotaka majarida yao yavuke mipaka ya Kongo.

Kwanza kalenda. Mkitangaza matoleo 4 kwa mwaka, yatoke 4, hata kama toleo ni jembamba. Jarida linalokaa kimya mwaka mzima kisha likatoa "namba 1 hadi 3" kwa mkupuo haliaminiki, hata makala zake zikiwa nzuri. DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure iliyoanza Sweden mwaka 2003, inadai ISSN (namba ya utambulisho wa jarida) iliyosajiliwa na angalau makala 5 za utafiti kila mwaka. Maombi yake hayalipiwi. Akikuandikia mtu kwamba atakuingiza kwa dola, usimjibu.

Kila makala iwe na faili lake, lenye maandishi yanayotafutika, si picha za kurasa zilizoskaniwa. OJS, programu ya kuendeshea majarida mtandaoni, kazi ya Wakanada, ni ya bure na inapanga vizuri kazi hiyo. Halafu omba DOI, ile namba ya kudumu ya kila makala inayoanza na 10, kupitia Crossref, shirika linalosajili namba hizo. Tangu 2023 wana mpango wa kusamehe ada kwa nchi kama yetu.

Sasa kichwa na muhtasari. Hapa ndipo ninapobishana sana na waandishi, na sitaacha. Makala ibaki kwa Kifaransa, kwa sababu munganga wa Kipushi au Kasenga anasoma Kifaransa, na huyo ndiye msomaji wetu wa kwanza. Lakini kichwa, muhtasari na maneno ya kutafutia viwe pia kwa Kiingereza, na visomwe na munganga anayekijua kabla ya kutoka. Kuna wanaoshauri jina la mahali lifichwe ili makala ionekane ya kimataifa. Nakataa kabisa. Chukua konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ya watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha. Ulielezwa Kwango, hapa Kongo, mwaka 1938. Mwaka 1981 ukalipuka Nampula, Msumbiji. Msomaji wa nje ninayemfikiria mimi ni daktari wa Nampula mwenye mtoto asiyeweza kusimama mbele yake. Anataka kujua mihogo ya Kwango ililowekwa siku ngapi, utambuzi ulifanywaje, watoto walifuatiliwa muda gani. Kichwa kama "Visa vya konzo hospitalini kwetu" hakitamfikia. Taja ugonjwa, jimbo, nchi, miaka na aina ya utafiti. "Haut-Katanga", jimbo letu, peke yake haimwambii kitu mtu wa Peru.

Kibali cha kamati ya maadili kiandikwe na namba yake. Bila hicho, rudisha makala, hata ikiwa ya profesa.

Kuhusu wahakiki, msijaze ukurasa wa kwanza majina makubwa ya Ulaya ambayo hayasomi hata makala moja. Lusaka iko karibu nasi kuliko Kinshasa, na wana magonjwa yetu yaleyale. Mwandikie mtu mwenye utafiti juu ya jambo hilohilo, mpe wiki 3, na mshukuru kwa barua.

Mwisho, majina. Tangu siasa ya uhalisi ya Mobutu ya mwaka 1972, iliyotaka majina ya Kiafrika, wengi wetu tuna jina, postnom (jina la pili la Kiafrika) na prénom (jina kama Jean au Marie), na kila jarida linayapanga linavyotaka. Mwandishi mmoja akawa watu watatu kwenye hifadhidata, na kazi zake zikatawanyika. Kabla ya kupokea makala, dai ORCID, namba ya utambulisho ya kila mwandishi, tarakimu zote 16. Kuipata ni bure. Kisha muulize mwenyewe ni jina gani litangulie, na muliandike hivyohivyo katika kila toleo.