Laptopu ndogo ya mtumba, kuanzia dukani hadi safarini

Laptopu nyingi za inchi 11 hadi 12.5 zinazouzwa mtumba Kariakoo au katikati ya Nairobi zilianzia kwenye shule na ofisi za Ulaya na Marekani. Uzito wake ni kilo 1.2 hadi 1.5 hivi, na kwa kuandika, barua pepe, Excel na mikutano ya video zinatosha. Ikianza kukwama, usikimbilie kulaumu prosesa. Mara nyingi hifadhi imejaa.

Kwa hiyo dukani uliza hifadhi kwanza. Zile za bei ya chini kabisa huwa na eMMC ya GB 64, chipu iliyochomelewa kwenye bodi, haibadilishwi. Windows huisoma kama GB 58 hivi, na yenyewe pamoja na programu chache hula karibu nusu au zaidi. Sasisho kubwa likija na nafasi haipo, linagoma hadi uchomeke flashi. Ukiweza kuongeza pesa kidogo, tafuta Dell Latitude 7280 au Lenovo ThinkPad X270: SSD (hifadhi) inabadilishwa, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) inabadilishwa, na laptopu zote mbili huchaji kwa USB-C. RAM isipungue GB 8. Kwa GB 4, kivinjari chenye kurasa kumi na mkutano wa video havikai pamoja.

Muuzaji akikwambia "hii ni Core i5", yaani aina ya prosesa ya Intel, bado hajakwambia kitu. Soma namba: i5-7300U ni kizazi cha 7, i5-8350U ni cha 8. Windows 11 inaanzia rasmi kizazi cha 8 kwa prosesa za Intel, isipokuwa chache sana, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mafundi huilazimisha Windows 11 kwenye mashine za zamani na huwa inafanya kazi, ila sasisho hazina uhakika. Kama kazi zako ni za kivinjari na kuandika, Linux Mint toleo la Xfce, mfumo unaowekwa badala ya Windows, ni nyepesi zaidi na haina gharama.

Kabla ya kutoa pesa, iwashe upya uingie BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka: F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP. Ikiomba nenosiri ambalo muuzaji hana, irudishe mezani. Chromebook (laptopu ya mfumo wa Google) inayoandika kwamba inasimamiwa na shule fulani nayo iache. Kufuli hilo huliondoa mwenye shule, si fundi. Angalia na kibodi. Za Ujerumani zimebadilishana Y na Z, za Ufaransa zinaanza na AZERTY. Stika hufunika herufi, lakini umbo la kitufe cha Enter na alama zilizohama utazizoea taratibu.

Kisha betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, halafu fungua faili la battery-report.html litakalotajwa hapo. Linganisha "Design Capacity" na "Full Charge Capacity". Ya kwanza ikiwa 42,000 mWh (sawa na wati-saa 42, yaani 42 Wh) na ya pili 21,000, betri imebaki nusu. Omba apunguze bei kwa kiasi cha betri mpya.

Ukishafika nayo nyumbani, kazi ya kwanza ni kulinda bando. Unapotumia hotspoti ya simu, ingia Settings, Network & internet, Wi-Fi, gusa jina la hotspoti hiyo na uwashe "Metered connection". Bila hivyo Windows itashusha sasisho chinichini na bando la wiki litakwisha mchana mmoja. Lakini usiiache bila sasisho miezi: mara moja kwa wiki iunganishe na Wi-Fi isiyo na kipimo. Kwenye Storage futa "Temporary files", na picha na video zihamishie kwenye kadi ya microSD.

Wengi hushauri kuzima Hibernate, inayohifadhi kazi yako kwenye diski kisha kuizima laptopu kabisa, ili kuokoa GB chache. Kwa msafiri huo ni ushauri mbaya. Laptopu iliyolala tu kwenye begi huendelea kunywa chaji, nyingine huamka zenyewe na kupata moto, na betri ikiisha, kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda. Ingia Control Panel, Power Options, "Choose what closing the lid does", chagua Hibernate. Ndipo upande basi la Mwanza.

Pawabenki ya simu ya wati 18 haitoshi. Tafuta yenye USB-C PD (uwezo wa kutoa umeme mwingi kupitia USB-C) ya wati 45 au zaidi. Ya mAh 20,000 ni 74 Wh (20 mara volti 3.7), na baada ya upotevu wa njiani hujaza betri ya 42 Wh mara moja na kidogo. Kwa ndege, kikomo bila kibali ni 100 Wh, hivyo ya mAh 30,000, ambayo ni 111 Wh, yaweza kukuzuia. Ibebe mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Chaja zenyewe nyingi hupokea volti 100 hadi 240. Kinachobadilika ni soketi. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia pini tatu bapa, Rwanda na Burundi pini mbili za duara, kwa hiyo adapta iwe begini kabla ya kuvuka mpaka wa Rusumo.