Chujio la mwani la kujitengenezea kwa tangi la maji ya chumvi: kazi yote iko kwenye mwanya

Jumamosi iliyopita nilipanda Coaster kutoka Arusha kwenda Moshi nikiwa na bledi tatu za msumeno wa chuma kwenye begi. Nilikuwa nakwenda kwa dada mmoja mwenye saluni, ambaye ana tangi la lita 200 la maji ya chumvi pale wateja wanapokaa kusubiri zamu. Wiki hiyo alishanipigia simu mara nne.

"Shikamoo kaka. Maji yanatoka upande mmoja tu, upande wa pili wavu mkavu kabisa."

"Marahaba. Bomba mlikata na nini?"

"Fundi alikuja na grainda."

Sikuuliza tena. Mimi mwenyewe niliharibu mabomba matatu kwa grainda kabla sijapata akili, kwa hiyo haya ninayaandika ili nisipande tena Coaster kwa jambo hili.

Kwa ambaye hajawahi kuliona: samaki wanakula, wanajisaidia, mabaki yanaoza, na mwisho maji yanajaa naitreti na fosfeti. Hiyo ni mbolea. Mbolea ikiwepo na mwanga ukiwepo, mwani utaota tu, ama kwenye vioo na mawe yako, ama pale unapotaka wewe. Chujio la mwani ni shamba dogo unalolitenga: wavu umesimama, maji yanauteremkia kama maporomoko membamba, taa inaumulika pande zote mbili. Mwani unahamia pale kwa sababu pana raha zaidi, unakula mbolea, nawe unavuna kila wiki na kuitoa nje ya tangi. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanavuna wauze. Sisi tunavuna tutupe. Wazo lenyewe ni la Walter Adey wa Smithsonian kule Marekani, miaka ya mwanzo ya 1980, ila yeye alitumia wavu wa kulaza na ndoo inayojipindua ili kutengeneza mawimbi. Hili la wavu kusimama lilikuja baadaye, na ndilo linalomfaa mtu mwenye bomba na msumeno.

Hatua ya 1: Pima kwa chakula, usipime kwa lita

Zamani watu walikuwa wanapima wavu kwa ukubwa wa tangi. Achana na hiyo. Tangi la lita 400 lenye samaki wawili lina uchafu kidogo kuliko la lita 150 lenye samaki kumi wanaolishwa na kila mteja anayepita. Kanuni ninayoifuata: kila kipande kimoja cha chakula cha kugandishwa unachotoa kwa siku (vile vya mraba, kama kete ya ludo iliyonenepa), weka sentimita za mraba 77 za wavu unaomulikwa pande zote mbili. Kama unakatakata kamba mwenyewe, kadiria kwa macho. Tangi la saluni linakula vipande vitatu, kwa hiyo tukakata wavu wa upana wa sentimita 20 na urefu wa 12.

Hatua ya 2: Wavu

Unatakiwa wavu wa plastiki mgumu wenye matundu ya mraba, ule wa kudarizia kwa uzi wa sufu. Mitumba ya Kiboriloni niliwahi kuupata ndani ya mkoba wa mkono ulioanza kudariziwa, nikang'oa uzi. Ukikosa kabisa, wavu mgumu wa plastiki unaotumika kwenye meza za kuanikia kahawa unafaa, mradi usiwe ule laini wa kivuli. Wavu wa waya hapana, hata ukiambiwa hauoti kutu. Zinki na shaba vinaua kamba na matumbawe, na maji ya chumvi yatavitoa kwenye waya huo uwe umepakwa nini.

Kisha uukwaruze. Si kidogo. Mafundi seremala wana ule msumeno wa duara wa kutobolea tundu la kitasa. Shika huo kwa mkono, kandamiza, zungusha, pande zote mbili, mpaka ukipitisha kiganja uhisi mbuzi ya nazi. Inachukua karibu saa nzima na mkono unauma. Mwani hauwezi kushika kwenye plastiki laini. Utaota siku tano, siku ya sita utabanduka wote na kuingia kwenye pampu.

Hatua ya 3: Mwanya

Hapa ndipo nilipomaliza siku mbili za maisha yangu, kwa hiyo nisikilize.

Bomba ni PVC la robo tatu ya inchi. Linalala juu, na chini ya tumbo lake kuna mwanya mmoja mrefu ambamo ukingo wa juu wa wavu unaingia. Maji yanatoka kwenye mwanya huo yakishuka pande zote mbili za wavu. Mwanya uwe na upana wa milimita 3. Ukiwa 2, unaziba haraka na maji yanaruka pembeni. Ukiwa 5, maji yote yanamwagika karibu na pampu na upande wa mbali unabaki mkavu.

Shida ya kwanza ni mstari. Bomba ni duara, na jicho litakudanganya. Usichore kwa rula. Lilaze bomba juu ya meza, egemeza chuma cha pembe (kile cha fremu za madirisha) juu yake. Chuma hicho chenyewe kitakaa sambamba na bomba, nawe unapitisha kalamu ubavuni mwake. Mstari wa hivyo hauna ubishi. Bomba langu la kwanza nilichora kwa mkono na mwanya ukajizungusha kama mkia wa nguruwe. Maji yakawa yanapiga ukuta.

Shida ya pili ni kifaa. Grainda inakata PVC kwa kuiyeyusha. Ukitazama mwanya uliokatwa kwa grainda kwa karibu utaona kingo zimevimba na kugeuka ndani, kama mdomo wa aliyeungua na chai. Kila uvimbe unageuza maji. La saluni lilikuwa hivyo hivyo: nilipopitisha ukucha ndani, ulikwama mara nane katika sentimita 20.

Ninavyofanya mimi: toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa mstari. Chukua bledi tatu za msumeno wa chuma, zipange pamoja meno yakielekea upande mmoja, zifunge kwa utepe wa gundi wa karatasi, upande wa kushika uzungushie kitambaa. Bledi tatu pamoja zinakupa karibu milimita 3 bila kuhesabu. Anzia katikati ya mstari kwa kukwaruza pole pole mpaka zipenye, kisha songa kwenda kila tundu. Usiwe na haraka. Dada wa watu alikuwa anasuka kichwa kizima cha rasta pembeni na alimaliza kabla yangu. Malizia kwa msasa uliokunjwa, ndani na nje, mpaka ukucha upite bila kukwama.

Urefu wa mwanya: uzidi upana wa wavu kwa milimita 3 kila upande. Ni hizo milimita ndizo zinazolowesha kingo za wavu. Ukiufanya sawasawa na wavu, kingo zitakauka na mwani utaota kwa umbo la ulimi katikati tu. Lakini usifike karibu na mwisho wa bomba, bakiza sentimita 4 za bomba zima kila upande. Bomba langu la pili lilikatika pale pale kwa kuminywa na elbo.

Na kama wavu wako ni mpana kupita sentimita 40, tumbo la bomba litafunguka katikati kwa msukumo. Funga kebo tai mbili tatu kulizunguka bomba; wavu nao utobolewe sehemu hizo hizo.

Shida ya tatu hutaiona mpaka mwezi wa pili. Mwani unapenda mwanga na maji, na mwanya una vyote. Unaota humo ndani, unaziba, na siku moja maji yanatafuta pa kutokea. Kwangu yalitokea juu ya zulia la sebuleni saa kumi alfajiri. Dawa yake ni giza: chukua kipande cha bomba la inchi moja na nusu, kipasue kwa urefu, kivishe juu ya bomba lenye mwanya kama kofia, ukingo wake ushuke milimita chache chini ya mwanya. Tangu niweke kofia hiyo nasafisha mwanya mara moja kwa miezi miwili.

Mwisho wa mbali wa bomba weka kifuniko cha kusukuma tu. Usipake gundi. Utakifungua mara nyingi sana.

Hatua ya 4: Pampu na kufunga

Lita 50 kwa saa kwa kila sentimita ya upana wa wavu. Wavu wa sentimita 20 unataka lita 1,000 kwa saa, lakini zifike juu, siyo zile zilizoandikwa kwenye boksi. Namba ya boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Nunua ya 1,500 na uweke valvu ya kupunguzia. Kuhakiki, elekeza maji kwenye ndoo ya lita 20 na saa mkononi: ijae kwa sekunde 72 au chini ya hapo.

Funga wavu kwenye bomba kwa kebo tai, ncha ya chini iguse maji ya tangi la chini (lile lisilo na samaki, linalopokea maji ya tangi la juu lenye samaki), vinginevyo kelele itawafukuza wateja.

Hatua ya 5: Taa

Watu wanapenda sana kubishana hapa na mimi sioni sababu. Kama unapata LED nyekundu za kukuzia mimea, zile za nanomita 660, nunua. Kama hupati, balbu za LED za wati 9, moja kila upande, sentimita 10 kutoka kwenye wavu, zinatosha kwa kipimo chetu. Ziwe zile za mwanga wa manjano, boksi lisome 2700K au 3000K. Balbu nyeupe ya jikoni itaotesha mwani, ila kwa kusuasua.

Anza na muda wa saa 10 za mwanga kwa siku, wiki ya tatu ongeza, usipite saa 18. Washa usiku, taa ya tangi la juu ikiwa imezimwa: mwani ukifanya kazi usiku unakula kaboni dayoksaidi ambayo ingeshusha pH, yaani ingeyatia maji uchachu.

Maji ya chumvi na umeme havina urafiki. Weka kioo au plastiki angavu kati ya taa na wavu, waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda ili tone lidondoke sakafuni, na soketi iwe kwenye swichi ya RCD, ile inayokata umeme yenyewe ukivuja. Usipokuwa nayo, usiendelee na hatua hii.

Umeme ukikatika

Utakatika. Maji yaliyo kwenye bomba yatarudi chini, kwa hiyo acha nafasi kwenye tangi la chini; zima pampu makusudi siku ya kwanza uone yanafika wapi. Wavu ukikaa bila maji saa kadhaa kwa joto la Moshi mwani unakufa, basi umwagie kikombe cha maji ya tangi kila unapopita. Sisi wa Arusha tuna jambo la pili: kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, maji yanashika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Tanga, na maporomoko haya ndiyo yanayoingiza hewa. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwe karibu.

Maporomoko pia yanaongeza uvukizi, na unachojazia ni maji matamu. Maji yakigeuka mvuke, floraidi inabaki, na maji ya Arusha tunayajua kwa meno yetu. Tumia maji ya RO, yale yaliyosukumwa kupitia utando unaozuia chumvichumvi. Yale yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, kama wanavyofanya kwenye kituo cha Ngurdoto cha kuondoa floraidi, ni mazuri kunywa, lakini mfupa ni kalsiamu fosfeti na fosfeti ndiyo ninayoikimbia. Mvua ya paa la bati nayo ina zinki.

Hatua ya 6: Subiri

Wiki mbili za kwanza utaona utelezi wa kahawia. Usikate tamaa wala usinipigie. Kijani kinakuja kati ya wiki ya nne na ya nane. Ukiwa mweusi wenye mafuta mafuta, mwanga hautoshi, ongeza saa. Ukiwa wa njano kama mpira, mwanga umezidi chakula, punguza.

Hatua ya 7: Kuvuna

Kila siku 7 hadi 10. Zima taa na pampu, toa bomba na wavu pamoja, peleka kwenye sinki, suuza kwa maji ya bomba ili vidudu vinavyokula mwani vife, kisha kwangua kwa vidole. Kwa vidole, narudia. Dada alikuwa ameandaa brashi ya waya ya kusafishia vitana nikamnyang'anya. Acha utando wa kijani umebaki, ndio mbegu ya wiki ijayo. Utakachokwangua usimpe tasi wako hata akikuangalia kwa huruma, utakuwa umerudisha mbolea ile ile ndani; kipeleke kwenye mboji, baada ya kukisuuza chumvi.

Kabla ya kurudisha, fungua kile kifuniko cha mwisho, pitisha kadi ya zamani ya simu ndani ya mwanya kutoka mwanzo hadi mwisho. Rudisha, washa pampu, simama uangalie pazia la maji limefika pembe zote mbili za wavu. Halafu taa.