Chaja Haijafa: Jinsi ya Kutambua na Kubadilisha Kiunganishi Kibovu cha Chaja ya Betri

Masika yanapoanza Arusha na magari ya watalii yakaegeshwa wiki kadhaa, chaja za betri hutolewa stoo zote kwa mpigo. Hapo ndipo malalamiko huanza: taa inawaka na kuzima, betri imelala kwenye chaja usiku kucha na asubuhi gari haliwaki, plagi inanuka plastiki iliyoungua. Wengi huamua kwamba chaja imekufa na kwenda kununua nyingine. Kabla hujatoa hela, kagua viunganishi. Transfoma na saketi za ndani hudumu miaka mingi zisipopigwa na maji. Kinachochoka mapema ni pale waya unapokutana na chuma, mahali panapochomekwa na kuchomolewa kila siku.

Chukua mfano wa chaja ya volti 12 inayotoa ampea 20. Ikichaji kwa volti 14.4 inatoa wati 288. Ukiongeza joto linalopotea ndani yake, upande wa TANESCO, penye volti 230, itavuta ampea 2 au zaidi kidogo. Soketi ya pini tatu iliyo mgongoni mwa chaja, ile inayofanana na ya kompyuta ya mezani, imetengenezwa kubeba ampea 10. Kwa hiyo upande huo haufi kwa kuzidiwa. Hufa kwa kulegea, kuvutwa na waya na kupasuka lehemu. Upande wa betri mambo ni mengine kabisa: ampea 20 zote zinapita kwenye pini mbili ndogo, na ukinzani (kizuizi cha mkondo) kidogo tu unageuka kuwa moto. Kujua tofauti hii mapema kutakuokolea nusu ya kazi.

Anza na jicho na pua

Chomoa chaja ukutani, kisha itoe kwenye betri. Angalia plastiki inayozunguka pini. Pini moja tu ikiwa imezungukwa na rangi ya kahawia au plastiki iliyoyeyuka, pini hiyo imelegea, ama haikubanwa vizuri kwenye waya wake. Zote mbili zikiwa zimeungua sawasawa, kiunganishi kilikuwa kidogo kuliko mkondo, au waya ni mwembamba. Unga wa kijani au mweupe ni kazi ya mvuke wa asidi ya betri. Vidoa vyeusi vyenye vishimo ni alama ya cheche: mtu amezoea kuchomoa waya wa betri huku chaja ikiwa inafanya kazi. Kuna na vumbi letu, lile jembamba la barabara za ndani. Likichanganyika na grisi ndani ya kiunganishi hutengeneza utando unaozuia chuma kugusana na chuma.

Upande wa TANESCO, jaribu kwanza soketi nyingine ya ukutani, kwa sababu soketi za ukutani zilizochoka hutoa dalili zile zile. Kisha azima waya wa umeme unaojua ni mzima. Tatizo likiondoka, waya ndio mbovu na huna haja ya kufungua chaja. Taa ikiendelea kucheza unapotingisha plagi mgongoni, soketi ya chaja ndiyo yenye shida. Usiitingishe kama plastiki imepasuka au waya umechubuka.

Sasa weka mita ya fundi (multimita) kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani. Gusanisha ncha zake mbili usome ukinzani wa nyaya za mita yenyewe, mara nyingi omu 0.2 hadi 0.5, na uutoe katika kila kipimo. Pima kila waya wa kebo toka mwanzo hadi mwisho huku ukiikunjakunja karibu na plagi. Namba ikirukaruka, waya umekatika ndani. Kisha pima toka pini ya erthi ya soketi hadi kwenye bodi ya chuma ya chaja: isizidi omu 0.5. Isiposoma kabisa, chaja hiyo isitumike hata kama inachaji vizuri, maana siku waya wa moto ukigusa bodi, atakayeishika ndiye atakayekuwa erthi. Chaja za plastiki zenye pini mbili tu hazina kipimo hiki.

Kipimo kinachomaliza ubishi

Upande wa betri, omu hazitakusaidia. Ukinzani unaoharibu kazi hapa ni mdogo mno kwa mita ya kawaida. Pima volti zinazopotea mkondo ukiwa unapita.

Unganisha betri iliyopungua chaji ili chaja itoe mkondo mkubwa. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo kidogo. Gusa ncha moja kwenye chuma cha waya unaoingia kwenye kiunganishi, na nyingine kwenye waya huo huo unapotokea upande wa pili. Kama hakuna mahali pa kugusa, choma pini nyembamba kupita ngozi ya waya, na baadaye uzibe tundu kwa tepu nyeusi. Fanya hivyo kwa waya chanya, kisha kwa hasi.

Mkondo ukiwa ampea 10, kiunganishi kizima kisipoteze zaidi ya milivolti 50. Ukisoma milivolti 100, kina ukinzani wa omu 0.01 na kinatoa wati 1 ya joto. Ukisoma milivolti 500, ni omu 0.05: wati 5 kwa ampea 10, lakini wati 20 kwa ampea 20, kwa sababu joto hupanda kwa mraba wa mkondo. Wati 20 kwenye kijiplastiki cha ukubwa wa kidole gumba ni sawa na kukishikia chuma cha kulehemu. Ndiyo maana kiunganishi kilichovumilia chaja ndogo miaka miwili huungua wiki ya kwanza ya chaja kubwa.

Upotevu huo unaidanganya chaja pia. Chaja hupima volti kwenye temino zake yenyewe, ikadhani betri imefika 14.4 kumbe betri inapata 13.9. Itaanza kupunguza mkondo mapema, na chaji inachukua masaa mengi zaidi. Zile zenye saa ya ndani hujizima kabla betri haijajaa.

Pima pia jumla: volti kwenye temino za chaja, kisha kwenye vichwa vya betri. Kebo yenyewe ina haki ya kupoteza kidogo. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 4 yenye urefu wa mita 2, kwenda na kurudi, hupoteza kama volti 0.2 kwa ampea 10. Ya milimita 1.5 hupoteza zaidi ya 0.5. Jumla ikiwa kubwa na kiunganishi ni kizima, badilisha kebo, au sugua vibano vya betri.

Kabla ya kufungua

Chaja nyepesi, zisizo na transfoma nzito, zina kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme) inayobaki na chaji ya volti 325 hivi hata baada ya kuchomolewa. Inaweza kuua. Chomoa, subiri dakika 10, fungua, kisha pima volti za DC kwenye miguu ya kapasita kubwa. Zikizidi 10, gusisha rezista (kifaa cha ukinzani) ya kilo-omu 10 ya wati 5 kwenye miguu hiyo miwili kwa nusu dakika, ukiishika kwa koleo lenye mpira, na upime tena. Usipige shoti kwa bisibisi: cheche yake huharibu kapasita na inaweza kuruka machoni. Kama huna mita, usifungue chaja ya aina hii.

Soketi ya upande wa TANESCO

Nunua soketi ya pini tatu ya ampea 10. Kabla ya kwenda dukani pima tundu: nyingi hukaa kwenye tundu la milimita 27 kwa 20, na zile za skrubu zina matundu mawili yaliyoachana milimita 40. Angalia pia upana wa masikio ya nyuma, milimita 6.3 au 4.8, ili ununue vichwa vya waya vinavyoendana.

Piga picha kabla ya kung'oa chochote. Kahawia ni waya wa moto na huenda L, buluu ni nyutro na huenda N, kijani chenye mstari wa njano ni erthi. Chaja za zamani zina nyekundu, nyeusi na kijani. Ukikuta nyaya zote za rangi moja, fuata kwa mita: ule unaoelekea kwenye fyuzi na swichi ndio unapaswa kuwa wa moto. Acha waya wa erthi uwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili kebo ikivutwa kwa nguvu erthi iwe ya mwisho kukatika. Fyuzi ya kwenye plagi ya ukutani nayo iangalie. 13 ni kubwa mno kwa chaja hii, weka ya ampea 5.

Kama soketi imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ya saketi, tafuta mduara mwembamba mweusi kuzunguka mguu wa pini. Hiyo ni lehemu iliyopasuka. Nyonya ya zamani yote, safisha kwa spiriti, lehemu upya kwa joto la nyuzi 350. Kuongeza lehemu mpya juu ya iliyopasuka ni kuahirisha tatizo.

Kiunganishi cha upande wa betri

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa kosa moja: kiunganishi kipya kufungwa kwenye waya ulioungua. Shaba iliyopata moto hubadilika kuwa nyeusi, na weusi huo haupitishi umeme vizuri hata uubane vipi. Kata waya, menya, angalia. Ikiwa bado nyeusi kata tena, hata sentimita 10, hadi ukutane na shaba inayong'aa.

Kama kiunganishi kimeunganishwa na betri, ondoa kwanza waya hasi kwenye betri. Na usikate nyaya zote mbili kwa mkato mmoja wa plaizi. Plaizi itazigusanisha, na betri ya gari ina nguvu ya kuyeyusha ncha zake.

Ukienda madukani Kilombero, au Mbuyuni kwa walio Moshi, beba sumaku ndogo na wembe. Pini ikivutwa kwa nguvu na sumaku, ni chuma kilichopakwa rangi, iache. Kwangua waya kwa wembe: ukiona nyeupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu, yenye ukinzani wa zaidi ya mara moja na nusu ya shaba. Nao uache.

Kwa chaja za magari chagua kiunganishi cha Anderson cha ampea 50, chenye pini mbili bapa. Pande zake mbili zinafanana, na rangi tofauti haziingiliani: njano kwa volti 12, nyekundu 24, kijivu 36, buluu 48. Fuata rangi, kwa sababu ndiyo inayomzuia mtu kuchomeka betri ya 12 kwenye chaja ya 24 gizani.

Pini zake za kawaida zina mdomo wa waya mnene wa milimita za mraba 13 hadi 16. Waya wa 4 au 6 utaogelea humo. Watu hukunja waya mara mbili au hujaza lehemu, na yote mawili hayadumu. Tafuta pini za mdomo mdogo, au kikopo cha shaba cha kupunguza tundu. Menya waya kwa kina cha mdomo ukiongeza milimita 1, ingiza nyuzi zote, kisha bana kwa koleo la kubania lagi (vichwa vya chuma vya waya), siyo plaizi. Vuta kwa nguvu, ukichomoka, hukubana. Lehemu kwenye waya unaotingishwa hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya mgumu, nao hukatika pale ugumu unapoishia. Vivyo hivyo usipake lehemu ncha ya waya unaofungwa kwa skrubu, maana lehemu husinyaa chini ya mgandamizo na skrubu hulegea yenyewe.

Sukuma pini ndani ya plastiki hadi isikike ikigonga na kukaa. Chanya kwenye alama ya +. Kabla ya kuunganisha na mwenzake, pima kwa mita uhakikishe pande zote zinakubaliana.

Kama kilichokuleta ni unga wa kijani tu na pini ni nzima, yeyusha kijiko cha magadi, yale yale ya makande, kwenye kikombe cha maji, piga mswaki, suuza, kausha juani.

Mabomba ya kupulizia dawa

Mabomba ya betri ya mgongoni, yanayotumika sana kwenye nyanya na kahawa, huchajiwa kupitia tundu la duara, na dawa inayovuja hula tundu hilo. Plagi zake zina kipenyo cha nje cha milimita 5.5, lakini tundu la katikati ni 2.1 au 2.5. Plagi ya 2.5 huingia kwenye pini ya 2.1 ikawa imelegea, inachaji ukiishikilia tu. Nunua inayolingana, na weka kifuniko cha mpira.

Kujaribu

Unganisha betri kwanza, ndipo uwashe umeme. Ukimaliza, zima umeme kwanza ndipo utoe betri. Betri inayochaji hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja karibu nayo inatosha kuilipua. Acha ichaji saa moja mahali penye hewa, ukiwa karibu. Zima, kisha gusa kiunganishi: kiwe vuguvugu kwa zaidi. Washa tena, rudia kipimo cha milivolti, na uandike namba hiyo pamoja na tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya chaja. Masika yajayo pima tena kwa mkondo ule ule. Namba ikiwa imeongezeka maradufu, fungua na usafishe kabla plastiki haijaanza kunuka.