Alovera nyumbani Dodoma: mwaga kwanza yale maji ya njano

Kwa sisi wa Dodoma alovera ndo mmea wenyewe, mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili hivi halafu basi, na yenyewe haina habari, matundu ya kwenye majani inayafunga mchana inayafungua usiku kukiwa na ubaridi, kwahiyo jua kali haliikaushi kirahisi.

Omba chipukizi kwa jirani, yale yanayoota pembeni ya mama. Usikimbilie shubiri za porini huko Kongwa au Chamwino zenye maua mekundu, hizo ni aina nyingine, hii yetu maua yake ni ya njano. Chipukizi liache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, ndo upande kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Udongo uwe wa kichanga, kama wako ni mfinyanzi kama ule wa Bahi changanya na mchanga nusu kwa nusu. Maji mwagia udongo ukishakauka tu, nyingi zinakufa kwa kuoza mizizi, sio kwa kiu.

Sasa kuvuna, hapa ndo watu wanaharibu. Kata jani la nje kabisa, la chini, lisimamishe kwenye kikombe upande uliokatwa uwe chini, subiri kama robo saa. Utaona yanachuruzika maji ya njano, machungu balaa. Yanakaa chini tu ya ganda na yanaharisha kwelikweli, mwaga. Osha jani, toa miiba ya pembeni, menya, ule ute mweupe unaoonyesha, unaovutika kama mlenda, ndo dawa.

Paka kwenye ngozi iliyokauka na upepo wa Julai au ukiungua kidogo na jiko la mkaa, ila poza kwanza kwa maji ya kawaida dakika 20. Jaribu mkononi kwanza, kuna watu inawawasha. Moto mkubwa nenda hospitali, acha mambo ya majani.

Wanaosaga jani zima na ganda lake wanywe eti kusafisha tumbo, mimi siwaungi mkono hata kidogo. Marekani dawa za kuharisha zenye hayo maji ya njano zilipigwa stop kuuzwa bila cheti tangu 2002. Mjamzito na anayenyonyesha asinywe, na mwenye vidonge vya sukari aongee na daktari, inaweza kushuka kupita kiasi.

Na wale wa kuku, kuwawekea alovera kwenye maji sawa, lakini kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kinazuiwa na chanjo.