Sungura Anakunywa Maji, Tembele Halimtoshi

Msimu wa korosho umeanza, na bakuli kavu zimerudi vizimbani. Mfugaji anatoka alfajiri kwenda kuokota korosho, anawatupia sungura fungu la tembele, anarudi jioni. Ukimuuliza maji yako wapi, jibu ni lile lile, uwe Nachingwea au Tandahimba: “Bwana mifugo, sungura hanywi maji, anayapata kwenye majani.” Siku chache baadaye anakuja kuuliza kwa nini jike kala watoto wake.

Ndugu wafugaji, sungura anakunywa maji, awe wa kitoweo, wa kuuza au wa watoto kuchezea pale uani.

Naelewa imani hii inakotoka. Tembele bichi lina maji zaidi ya asilimia 80. Mwezi wa Februari au Machi, sungura mzima asiye na mimba wala watoto akishiba majani ya namna hiyo, anaweza kupitisha siku nzima akigusa bakuli kidogo tu. Mfugaji anamwona yu mzima, anaamua kwamba maji si lazima. Ikifika Oktoba, nyasi zimekauka, tembele limenyongonyea, na yeye kaongeza pumba ili kujazia. Chakula kimebadilika, maji hayajaongezeka. Kila kilo moja ya pumba au chakula kikavu inataka karibu lita mbili za maji. Akikosa maji, sungura anaacha kula, tumbo linasimama, na kinyesi kinatoka vipunje vidogo vikavu.

Kuna jambo jingine, na hili tumewafundisha sisi mabwana mifugo: kunyausha majani kabla ya kulisha, hasa kisamvu, ili kupunguza sumu. Endeleeni kunyausha. Lakini jani lililonyauka limeacha maji yake juani, na maji hayo unapaswa kuyarudisha kwenye bakuli. Unayenyausha na usinyweshe unamnyima sungura mara mbili.

Sasa vipimo, na naomba vifuatwe kama vilivyo. Hesabu mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wa sungura kwa siku. Mwenye kilo 3 anahitaji mililita 300. Joto letu la Oktoba hadi Desemba linapopita nyuzi 30, weka nusu lita, yaani chupa moja ndogo ya maji ya dukani, kwa kila sungura mzima. Sungura hatoi jasho. Joto analitoa zaidi kwa masikio na kwa kuhema, kwa hiyo maji ndiyo kinga yake. Jike anayenyonyesha apewe lita moja. Watoto wakifika wiki ya tatu, nao wanaanza kunywa, na maziwa ya jike yanakuwa yamefika kileleni: kizimba hicho kiwekee lita moja na nusu hadi mbili.

Jike ndiye anayelipa gharama kubwa ya kosa hili. Mimba yake ni siku 31. Kuanzia siku ya 28 bakuli lake lisikauke hata saa moja, usiku na mchana, kwa sababu anazaa mara nyingi usiku, na kiu wakati wa kuzaa ni moja ya sababu za jike kula watoto. Baada ya kuzaa, anawanyonyesha kwa kawaida mara moja kwa siku, dakika chache tu. Ukimwachia kiu siku hiyo, maziwa yanapungua, na watoto hawana mlo mwingine wa kufidia. Unakuta wamelala na matumbo yamebonyea, ngozi imekunjamana. Halafu unalaumu mbegu ya dume!

Muda nao una maana. Sungura anakunywa zaidi kuanzia magharibi na usiku kuliko mchana, lakini wengi mnajaza asubuhi na kwisha. Jaza saa 12 asubuhi kabla ya kwenda shambani, kisha mwaga yaliyobaki, osha, na ujaze upya saa 12 jioni. Mchana mwachie kazi hiyo mtoto au jirani, abadilishe saa 7 au saa 8, maana maji yaliyopigwa na jua yanakuwa ya moto na sungura anayakataa. Kizimba kikae kivulini, chini ya mwembe au mkorosho.

Wanaosema maji yanaharisha sungura, angalieni bakuli kwanza. Mara nyingi kinachoharisha ni uchafu, kama kinyesi kilichoingia majini. Tumieni bakuli zito la udongo au la saruji, ukingo wa sentimita 8 hivi, lifungwe pembeni mwa kizimba, mbali na kona wanayojisaidia. Saruji mpya iloweke wiki nzima ukibadilisha maji kabla ya kutumia. Kwenye kizimba chenye watoto weka chombo kifupi, maji yasizidi sentimita 3. Mtoto wa siku 18 huanguka na kuzama. Mwenye chupa za chuchu aguse ile gololi ya mdomoni mwa chupa kwa kidole kila asubuhi, maana ikikwama chupa inabaki imejaa na wewe unadhani wamenywa.

Najua Newala na uwanda wa Makonde maji ni ya kutafuta. Hata hivyo ndoo moja ya lita 20 inatosha sungura wazima 40 kwa siku, au majike 20 wanaonyonyesha ambao watoto wao hawajafika wiki ya tatu. Huyo si mnyama wa kumaliza maji ya nyumba.

Ukinywesha vizuri, utaona wanakula na kinyesi ni duara.

Mwisho, kwa wale wa mikorosho: dumu au chupa iliyobeba dawa ya kupulizia haioshwi ikawa ya maji ya sungura, hata ukitumia sabuni na maji ya moto. Itobolewe isitumike tena. Na wakati wa kupuliza salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho, funika bakuli au mwaga maji yote yaliyokuwa wazi, osha, ujaze mapya.