Kulala Vizuri Hemani kwa Wiki Kadhaa: Anza na Kilicho Chini Yako

Kwa usiku mmoja au miwili mwili huvumilia karibu kila kitu. Ukikaa kambini wiki tatu, kasoro ndogo ya malazi huzaa maumivu ya kiuno na usingizi wa kukatikakatika. Wengi hununua mfuko wa kulalia wa bei kubwa, kisha wakachukua godoro lolote lililopo. Hapo ndipo baridi huwapatia. Uzito wa mwili hukandamiza mfuko upande wa chini, na ukishakandamizwa hauna tena hewa ya kuhifadhi joto. Kinachokukinga na ardhi ni godoro.

Magodoro ya kambi hupewa kipimo cha R, yaani uwezo wa kuzuia joto lisipotelee ardhini. R ya 1 hadi 2 yatosha usiku wa joto, 3 hadi 4 usiku wa baridi ya wastani; ardhi ikikaribia kuganda, tafuta 5 na zaidi. Vipimo hivi hujumlishwa: mkeka wa sponji wenye R 2 chini ya godoro lenye R 3 hukupa 5.

Kama gari linafika kambini, chagua godoro la sponji nzito lenye unene wa sentimita 8 hadi 10. Ni kubwa kubeba, lakini halitoboki. Kabla ya kununua, lilalie ubavu kwa dakika kumi, maana nyonga na bega ndivyo hubonyea zaidi. Ukihisi sakafu, liache.

Godoro la hewa hubebeka kirahisi ila lataka uangalizi. Likilegea usiku, usikimbilie kudhani limetoboka, kwa kuwa hewa ikipoa husinyaa. Lijaze, lilalie, kisha toa hewa kidogokidogo mpaka nyonga izame bila kugusa chini. Asubuhi fungua vali upunguze hewa, kwani jua likipiga hema hewa hutanuka na kuachanisha maungio ya ndani. Tumia pampu, unyevu wa pumzi ya mdomo hubaki ndani na kuotesha kuvu. Tundu hutafutwa kwa maji ya sabuni: panapotoa mapovu pawekee alama, pakaushe, pasugue kwa spiriti, bandika kiraka, na usilijaze mpaka gundi ikauke kabisa.

Kitanda cha kukunja huwafaa sana wenye magoti mabovu. Hata hivyo upepo hupita chini yake, kwa hiyo usiku wa baridi bado utahitaji mkeka juu yake. Weka vipande vya mbao chini ya miguu isitoboe sakafu ya hema.

Adui mkubwa wa kambi ndefu ni unyevu. Mvuke wa jasho hushuka, hukutana na ubaridi wa ardhi na kugeuka maji chini ya godoro. Kila asubuhi lisimamishe upande na uanike mfuko nje kabla ya kuukunja. Turubai la chini lisitokeze nje ya hema hata kidogo. Likitokeza litakinga mvua na kuipeleka chini ya mgongo wako.

Mfuko wenyewe uchague kwa nyuzijoto za starehe zilizoandikwa kwenye lebo, si zile za kikomo, wala za hatari, ambazo ni za kunusurika tu. Manyoya ya bata ni mepesi, lakini yakilowa hushikana na kupoteza joto. Penye unyevu mwingi poliesta ni bora. Mfuko wenye zipu inayofunguka hadi miguuni hugeuka blanketi usiku wa joto. Ndani yake tandika shuka la pamba, nawe uwe na mashuka mawili ya kubadilisha, kwa sababu shuka hukauka upesi kuliko mfuko mzima.

Mto wa nyumbani ubebe. Nguo zilizokunjwa huteleza na kukuamshia shingo iliyokakamaa, na kwa wiki tatu hilo halistahimiliki.